YAH: Malalamiko kuhusu taa za duka zilizobadilika rangi, na lugha ya fundi wenu

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti ya dhamana ya taa mlizonifungia dukani mmeyaandika wenyewe, sitayarudia.

Nauza vitenge, khanga na vitambaa vya sare hapa Kariakoo, na riziki yangu ni rangi. Mteja akiomba damu ya mzee, anataka damu ya mzee. Tangu fundi wenu abadilishe ile taa ya mlangoni peke yake akaziacha za zamani, jora moja lina rangi mbili: mlangoni ni damu ya mzee, likisogezwa kaunta linakuwa kahawa iliyopauka. Kamati ya harusi ililivuta huku na kule, wakaniuliza kama nimewachanganyia mzigo. Nikamwita fundi wenu. Akapanda ngazi, akatazama, akasema mbele yao: "Mama, taa ni nzima. Macho yako ndiyo yamezeeka, nenda kapime."

Kilichozeeka ni taa zenu, na hilo mnalijua kuliko mimi. Mwanga wa taa ya metali halaidi, aina mliyonifungia, unatokana na mvuke wa zebaki na chumvi za metali, kama sodiamu na skandiamu, zilizofungiwa ndani ya mrija mdogo wa kwatsi, kioo kinachostahimili moto. Mrija ukishakaa kwenye moto kwa maelfu ya saa, sodiamu hupenya ukutani kidogo kidogo na kupotea, skandiamu huungana na kwatsi yenyewe, na tangsteni, metali ya elektrodi (ncha zinazopitisha umeme ndani ya mrija), huruka ikaganda ukutani. Wekundu unapungua, mwanga unaelekea kwenye ubuluu au ukijani, na kila taa inakwenda kivyake. Ile ya mlangoni iliyoungua ninayo hapa: ncha za mrija zimekuwa nyeusi kama kitako cha sufuria ya kuni. Boksi linasema kelvini 4,000, yaani kipimo cha rangi ya mwanga. Hiyo ni taa ikiwa mpya. Zikichakaa zinaweza kuachana kwa mamia ya kelvini. Ndiyo maana mafundi wanaoijua kazi yao hubadilisha taa za chumba kizima kwa pamoja.

Na siku ya kufunga niliwauliza hasa kuhusu rangi! Niliomba zenye mrija wa kauri, ambazo rangi yake hutulia zaidi kwa kuwa kauri huzuia sodiamu isitoroke. Mkaniletea za kwatsi, risiti ikaandikwa "metali halaidi" basi.

Narudi kwa fundi, maana hilo ndilo linaloninyima usingizi. Aliingia bila hata shikamoo. Akazima swichi kuu bila kuniambia, ilhali taa hizi zikizimwa zikiwa na moto haziwaki tena mpaka zipoe, hata dakika 10 au 15. Tukabaki gizani, vijana wangu wameshika majora hawajui wayaweke wapi, wateja wamesimama. Humo gizani, mahali ambapo hakuna jicho la mtu yeyote lingeona rangi, ndipo aliponiambia macho yangu yamezeeka. Mmoja wa kamati akacheka. Nimeanza kuuza vitambaa fundi huyo hajazaliwa. Taa zilipowaka, kamati walishaondoka, na sare wamenunua kwingine.

Naomba mbadilishe taa zote kwa siku moja, ziwe za mrija wa kauri na za aina moja, bila kunitoza. Lakini kuomba nimeshaomba kwenye simu, sasa nadai. Nadai fidia ya mauzo ya sare hizo. Nadai fundi huyo aje mwenyewe kuniomba radhi, asimame palepale, duka likiwa na watu.

Tena mmezifunga bila kioo cha kukinga. Taa hizi zikiachwa hadi mwisho wa umri wake, mrija unaweza kupasuka ukamwaga vipande vya moto, na chini yake nina pamba tupu toka sakafuni hadi darini. Wiki hii ikiisha kimya, nitazishusha kwa fundi mwingine na gharama nitawaletea nyinyi. Malalamiko haya yatakwenda Tume ya Ushindani pamoja na risiti, picha za jora chini ya taa zote mbili na huo mrija mweusi. Na wenye maduka wa mtaa huu waliofunga taa zenu nitawapa kila mmoja nakala ya barua hii.

Mwenye duka la vitambaa,
Kariakoo, Dar es Salaam