Risala ya Kikundi cha Wazee Waimbaji wa Mombasa

Mheshimiwa Mgeni wetu wa Heshima, wazee wetu, wana na wajukuu mliohudhuria: Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Karibu Mji wa Kale. Wengi wetu tumeshapita miaka 60. Kila wiki twakutana asubuhi, jua halijakuwa kali, tukaimba vugo na lelemama, ngoma za kina mama wa pwani. Mama zetu walikuwa na vyama vya lelemama vikishindana kwa nyimbo na mavazi, mji mzima ukitoka kutazama. Hatutaki hayo yazikwe nasi.

Yuko mwenzetu aliyefiwa na mumewe akawa hatoki nje. Siku ya kwanza alikaa karibu na mlango, buibui limemfunika hadi machoni, asitie neno. Pembe za vugo zilipogongwa, vidole vyake vikaanza kupiga juu ya goti. Leo yeye ndiye atuanzishiaye nyimbo. Asipoonekana, simu yake hailali, na asipoipokea, mtu humwendea nyumbani. Kwetu sisi hiyo ndiyo tiba kubwa: mzee kujua kuwa akikosekana atatafutwa.

Tuyasemayo yamepimwa kwingine. Huko Kent, Uingereza, watafiti waliwagawa wazee 258 makundi mawili, kundi moja likaimba pamoja kila wiki kwa wiki 14. Matokeo yalichapishwa 2015: waimbaji walipungukiwa na wasiwasi na huzuni, na miezi mitatu baada ya kuacha kuimba, afya yao ya akili ilikuwa bado bora kuliko ya wenzao.

Mheshimiwa, Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 yatupa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Kwa hiyo twaomba kuimba kuhesabiwe katika huduma za wazee, kusiwe kitumbuizo cha kungojea wageni tu.

Haja yetu kubwa ni chumba cha chini. Hapa tunapoazimwa ni ghorofani, na ngazi za nyumba hizi ni za kusimama wima. Wapo waliokwisha kuacha kuja kwa sababu ya magoti. Pia twaomba muuguzi wa kupima presha na sukari kila mwezi, na gari la kuwapokea wenzetu wa Likoni wakishuka feri, maana kile kilima chawamaliza pumzi kabla hawajaimba.

Twakushukuru kwa kutusikiliza. Wasalaam.

Ni sisi, wanakikundi.