Eti wa jikoni walikuwa na afadhali?

Mhariri, salamu kutoka Nakuru. Mimi nauza sukuma hapa Free Area na gazeti lenu huwa nalipata likishasomwa na fundi wa viatu jirani yangu, sasa juzi tukawa tunaongea stori za utumwa wa Marekani na yeye akasema wanawake waliofanya kazi ndani ya nyumba walikuwa na afadhali, angalau walikaa kivulini si kama wale wa shamba la pamba. Hilo neno afadhali limenikaa rohoni mpaka leo.

Afadhali gani jameni? Unaitwa msichana hadi unapata wajukuu, ukizeeka kabisa ndio wanakuita shangazi, na si ile shangazi yetu ya heshima, ni vile tu hawataki kukuita kama wanavyoitana wao. Usiku unalala sakafuni karibu na kitanda cha madam ndio akitaka maji akuamshe. Unanyonyesha mtoto wake na wako analia njaa huko nje. Na huyo wako pia si wako, kwa sababu tangu 1662 sheria ya Virginia ilisema mtoto anafuata hali ya mamake, kwa hivyo bwana akikulazimisha ukazaa amejiongezea mtumwa wa bure na kesi hakuna. Hapo mimi hunyamaza kidogo.

Binti yangu alinisomea kwa simu kuhusu Elizabeth Freeman, mtumwa wa Massachusetts huko huko Marekani, walikuwa wanamwita Mum Bett. Mke wa bwana wake alikasirika akachukua beleshi la jikoni lenye moto amchape msichana mwingine, Bett akakinga na mkono wake. Mkono ukamuuma msimu mzima wa baridi, lakini kovu hakulificha, mgeni akiuliza huo mkono umefanya nini, na madam yuko hapo hapo, anamjibu muulize madam! 1781 akaenda kortini kudai uhuru wake akashinda, akapewa na shilingi 30. Yule bwana akamwomba arudi afanye kazi kwa mshahara, akakataa.

Mimi nilikuwa hausigeli Milimani miaka minne. Nilimwagiwa chai ya moto mkononi kwa sababu ya sukari kuzidi, alama iko, nikikata sukuma wateja wanaiona. Sisemi ni kitu kimoja, hapana. Mshahara ulichelewa lakini ulikuja, Jumapili ilikuwa yangu, na siku nilipofunga virago nikapanda matatu hakuna mtu alitumwa pamoja na mbwa kunitafuta. Lakini kazi ya ndani ya nyumba ya mtu naijua, na hicho kivuli fundi anasema nakijua pia.

Miaka yote tumekaa hapa na hajawahi kuniuliza huu mkono ulifanya nini. Mkichapisha hii barua ataisoma kabla yangu, ni sawa tu.

Mama mboga, Free Area, Nakuru