Barua kwa mwanangu anayewapeleka wanafunzi Amani

Mwanangu Zuhura,

Huku wazima, bibi yako anakusalimu. Nimesikia shule imekuchagua wewe uwapeleke wanafunzi Hifadhi ya Amani, huko milima ya Usambara juu ya Muheza. Nimefurahi, tena nimeshajisifu kwa majirani. Lakini mwezi wa nne, Zuhura? Masika yamekolea! Kama tarehe haibadiliki, shika hili moja: saa saba mchana muwe mmetoka msituni.

Hifadhi inaanzia mita 190 hivi juu ya usawa wa bahari, inapanda mpaka 1,130, kwa hiyo chini langoni Zigi mtatoka jasho na juu Amani mtatafuta masweta. Kupanda si kazi. Watu huanguka wakishuka, magoti yamechoka, udongo mwekundu umelowa na majani yamefunika mizizi. Tena mto hujaa kwa mvua iliyonyesha juu, nanyi mlipo hamjaona hata tone. Maji yakibadilika rangi kuwa tope, msivuke, hata kama asubuhi mlivuka bila kukunja suruali.

Mpate mwongoza wageni wa palepale, mmoja mbele, wewe nyuma kabisa. Suruali ndefu, ncha zake ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Asikanyage mtu upande wa pili wa gogo kabla hajautazama: nyoka moma hulala kwenye majani makavu na rangi yake ndiyo hiyohiyo. Viatu viwe vya soli yenye meno. Vile nilivyokununulia mimi viache, nilitazama bei tu.

Malipo yafanyeni mapema kwa simu, mtandao wa mlimani hauaminiki. Wewe na mambo ya dakika za mwisho nakujua.

Kama muda ni mdogo, punguza njia, usipunguze bustani. Ile bustani ya mimea Wajerumani waliianza mwaka 1902, na humo watoto wataona miti ya nchi nyingi. Waeleze na ubaya wake: mti mgeni uitwao Maesopsis ulipandwa, ndege hondohondo wakala matunda na kutawanya mbegu, sasa umejaa msituni penye nafasi ya miti ya asili. Ndiyo maana kokwa za maembe na mbegu za mapera mrudi nazo kwenye mfuko, na viatu mvikung'ute tope mkitoka bustanini.

Lile ua la urujuani la Usambara, ambalo Wazungu walilipeleka Ujerumani miaka ya 1890, litafuteni kwenye miamba yenye kivuli karibu na maji. Wasilichume. Mkilala huko, vinyonga hutafutwa usiku kwa tochi, pembeni mwa njia tu: wakilala hupauka, wanang'aa kwenye matawi. Lakini msituni mchana, saa saba muwe nje. Nimeshasema, nasema tena.

Barabara uliza Muheza kabla ya kupanda. Ikiwa imenyesha usiku kucha, kona za juu ya Zigi ni utelezi mtupu, na dereva akikwambia hapandi, usimshawishi.

Bati la jikoni bado linavuja, kaka yako anasema kesho kila siku. Ukipita Muheza niletee machungwa, na iliki robo kilo, zile za kijani zisizopasuka. Pilipili manga usinunue, ipo. Ile elfu ishirini ya shangazi yako umeshamrudishia?

Mama yako