Kabla hujalipa safari ya Pamir

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza kama Tajikistan, huko Asia ya Kati, ni salama, na umenitumia habari mbili: ile ya Julai 2018, watalii wanne waliokuwa safarini kwa baiskeli walipouawa wilayani Danghara, na ile ya vurugu za Mei 2022 huko Gorno-Badakhshan, mkoa wa milima ya Pamir, uleule unaotaka kwenda kuwinda kondoo mwitu wa Marco Polo. Sitakwambia ni mambo madogo. Ila naona umepima kinachofika magazetini tu, wakati mengi yanayomuumiza mwindaji humpata peke yake bondeni, na hakuna anayeyaandika.

Hili la nchi tulimalize kwanza. Soma tahadhari za safari za serikali zaidi ya moja, uangalie zinasema nini juu ya mkoa wenyewe, maana nchi moja yaweza kuwa na sehemu tulivu na sehemu ya kukwepa. Gorno-Badakhshan inapakana na Afghanistan na ina kibali chake mbali na viza. Serikali ikiwaambia raia wake wasiende kabisa, bima nyingi husimama hapohapo. Na mkataba wa wakala wa safari useme wazi utarudishiwa nini njia ikifungwa ukiwa umeshalipa.

Sasa swali langu. Ukivunjika mguu saa kumi jioni, siku ya nne ya uwindaji, daktari wa upasuaji yuko umbali wa saa ngapi? Usinitajie kilomita. Nataka saa, kuanzia pale ulipoangukia hadi kwenye meza yake, na nani atakubeba, kwa chombo gani, na nani atatoa dhamana ya malipo ili helikopta iruke, kama helikopta yenyewe ipo na hali ya hewa inaruhusu.

Unajua nachechemea. Siku zote nimekwambia farasi aliteleza, na kweli aliteleza. Nilichokuficha ni kwamba wakala alikuwa ametuahidi simu ya setilaiti, na simu ilikuwepo, imefungwa vizuri kwenye mfuko wake. Haikuwa imelipiwa. Hakuna aliyeuliza, mimi wa kwanza. Nilikaa juu ya farasi kwa muda wa saa kumi na moja, mguu umefungwa kwa fito mbili, ndipo tukaona gari.

Na farasi alikuwa anafanya nini kwenye barafu jioni ile? Kiongozi wetu wa uwindaji alitaka turudi. Ilikuwa siku ya mwisho, sijapata mnyama, nami asubuhi yake nilikuwa nimemwambia kwamba nikiangusha kondoo nitamwongezea bahashishi maradufu. Mtu ana watoto wanaomtegemea. Aliangalia juu, akaangalia chini, akageuza farasi wake kuelekea juu. Mpaka leo sijui nimlaumu kwa lipi.

Kwa hiyo usiku wa kwanza kambini, kabla hamjaongea habari za pembe, mwambie kiongozi wako mbele ya wenzake: bahashishi ni ileile, nipate mnyama nisipate, na ukisema turudi tunarudi. Mwambie pia kwamba na wewe ukisema turudi, hakuna mjadala. Kama hamuelewani lugha, mpate mkalimani wa kudumu, si kijana wa gari anayeshuka siku ya pili.

Nasisitiza kiongozi, si wakala. Wakala yuko ofisini. Uliza jina la mtu atakayekuwa nawe mlimani, ana leseni gani, amefundishwa huduma ya kwanza wapi na lini, na mara ya mwisho alimshushaje mgonjwa. Akijibu kwamba hajawahi kupata mgonjwa, sifurahi. Naanza kujiuliza kama ameshawahi kufikiria. Waulize wateja waliotangulia, hasa waliorudi mikono mitupu. Wenye pembe ukutani husamehe kila kitu. Rafiki yako unayemtaja alikwenda akarudi mzima, alhamdulillahi, lakini usisafirie nyota ya mwenzio.

Kinachonitisha zaidi kwenye ratiba yako ni mwinuko. Inakutoa Dushanbe, kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, inakupitisha Khorog, kama mita 2,100, kisha Murghab kwenye mita 3,600, na siku ya tatu unalala kambini juu ya mita 4,000. Ukishavuka mita 3,000, kanuni inayofuatwa ni kutopandisha mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kupumzika siku nzima kila baada ya siku tatu au nne. Kati ya Khorog na Murghab pekee, ratiba yako inakupandisha kama mita 1,500 kwa mruko mmoja. Usijitegemeze kwenye ujana wala mazoezi, ugonjwa wa mwinuko haujali kifua kipana. Kichwa kikiuma, usipande. Ukiyumba kama mlevi, ukichanganyikiwa, au ukihema umekaa tu, unashushwa usiku huohuo. Na hapo ndipo Pamir ya mashariki ilipo ngumu: ni uwanda mpana ulioinuka, kwa hiyo kushuka si kukimbilia bondeni, ni kupanda gari na kwenda saa nyingi. Omba silinda ya oksijeni kambini na gari lenye mafuta, na umuulize daktari kuhusu acetazolamide, dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, kabla ya kuondoka. Ongeza usiku Khorog na Murghab. Wakala akisema siku hazitoshi, punguza za kuwinda.

Bima nayo isome kuanzia mwisho, pale wanapoorodhesha wasiyolipia. Uwindaji mara nyingi umo, na mwinuko wa kupita kiwango fulani umo. Pata jibu lao kwa maandishi.

Bunduki yako iache. Kila nchi unayobadilishia ndege yaweza kudai kibali chake, na karatasi moja ikikosekana utalala kituoni. Kodisha ya kambini, uijaribu kwenye shabaha kabla ya kutoka. Juu ya farasi na kwenye mteremko chemba ya risasi iwe tupu, ya kwako na ya kila mtu aliye nyuma yako. Aliye nyuma yako ndiye wa kumtazama.

Majibu yasiporidhisha, kuna tahr, jamii ya mbuzi mwitu wa milimani, kule New Zealand. Milima yake ni mikali na watu huanguka, usidhani ni matembezi, lakini uko chini sana ya mwinuko wa Pamir, helikopta za uokoaji zipo, na mfumo wao wa fidia ya ajali, ACC, hugharimia matibabu hata ya mgeni aliyeumia nchini humo. Kukurudisha nyumbani hakumo. Pembe zake ni fupi, najua. Utanicheka.

Ukichagua Pamir bado sitakuzuia. Nenda na kifaa chako mwenyewe cha setilaiti, kilicholipiwa kwa jina lako, ulale nacho ndani ya mfuko wa kulalia, maana baridi hula betri. Kila usiku nitumie neno moja. Zikipita saa 24 bila neno nitampigia wakala. Zikifika 36, kampuni ya bima na ubalozi. Niachie namba zote, nakala ya pasipoti na kundi lako la damu.

Nitumie jina la kiongozi kabla hujalipa chochote. Na mama yako anajua habari ya farasi tu, ya bahashishi hajui. Usimwambie, nitamwambia mwenyewe wiki hii.

Baba yako