Herufi Zote Anasoma, Lakini Mpira Unampiga Usoni

Sisi wapima macho tuna wateja ambao ubao wa herufi hauwasemei. Mtu anakaa kitini, anaziba jicho la kushoto, anasoma hadi mstari wa chini kabisa. Anaziba la kulia, anakwama mistari miwili juu yake, tunaandika. Anafungua yote mawili, anasoma bila shida. Ukimwuliza basi kilichomleta, anacheka kidogo kama aonaye haya: mpira ukirushwa kwake humfikia kabla hajainua mikono. Au gari lililokuwa mbali kule, mara liko puani. Au anateremka ngazi watu wakipanda, na hajui ni nani aliyekaribia kiasi cha kupishwa.

Wengi wao wameitwa wazembe tangu shuleni. Hawakuwa wazembe. Macho yao mawili hayashirikiani vizuri, na kasoro hiyo huchomoza zaidi kitu kinapokuwa mwendoni.

Mboni za mtu mzima zimeachana kwa takriban sentimita 6, kwa hiyo kila jicho linauona ulimwengu kutoka pembe yake. Nyoosha kidole mbele ya uso, uzibe jicho moja, kisha jingine: kidole kinaruka. Mwaka 1838 mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone alionyesha kwamba ubongo hutumia tofauti hiyo hiyo ya picha mbili kujua kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Hapo tunazungumzia vitu vilivyotulia.

Kitu kikianza kukujia, mambo yanaongezeka. Kwanza, kinakua machoni, na kwa hilo jicho moja linatosha. Pili, ile tofauti kati ya picha mbili inabadilika kadiri kinavyosogea. Tatu, na hii ndiyo inayotushangaza mpaka leo, kila jicho linapata mwendo wake: kitu kinachokuja katikati ya uso wako kinaelekea kulia katika jicho la kushoto, na kinaelekea kushoto katika jicho la kulia. Kingekuwa kinakupita mbali na kichwa, kingesogea upande mmoja katika macho yote mawili. Ubongo unalinganisha mielekeo hiyo na kukwambia ukwepe au utulie, kabla hujapata hata nafasi ya kufikiri.

Sasa mchukue mtu aliyekua na makengeza, au mwenye jicho vivu, yaani jicho lililoachwa nyuma utotoni kwa sababu ubongo ulizoea kulitegemea lile jingine. Ili asione vitu viwili viwili, ubongo wake umejifunza kuipuuza picha moja. Kipimo chetu cha kawaida cha kina, yaani kuona kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma, ni picha ya nzi mkubwa. Unavaa miwani maalumu, unaambiwa uyabane mabawa. Anayeona kina vidole vyake huishia hewani, juu ya karatasi. Asiyekiona anagusa karatasi. Ni kipimo kizuri na watoto wanakipenda sana, ila nzi mwenyewe haruki. Kinapima kina cha kitu kilichotulia tu.

Watafiti wamekuta watu wenye makengeza wanaoshindwa kabisa vipimo vya namna hiyo, lakini bado wanahisi kitu kinapokaribia au kwenda mbali kwa ile njia ya tatu, ya kulinganisha miendo. Kinyume chake pia kipo. Katika miaka ya 1970, watafiti Whitman Richards na David Regan walionyesha kuwa mtu anaweza kuwa na sehemu za uwanja wake wa kuona ambamo kina cha kitu kilichotulia anakipata, ila mwendo wa kuja na kurudi haupati. Ndiyo maana hatumwambii mtu "huna kina" kwa sababu ya nzi peke yake, wala hatumwambii "uko sawa" kwa sababu hiyo. Tunauliza kuhusu mpira, ngazi, barabara, kumimina maji, kuegesha gari. Kama kuna mpimaji aliyewahi kukukatiza ulipoanza kueleza mambo haya, sisi tuanzie hapo hapo alipokukatiza.

Kuna jambo moja unaloweza kulitazama mwenyewe. Funga ufunguo kwenye uzi. Mwenzako asimame hatua mbili au tatu kutoka kwako, mbele ya ukuta usio na mapambo, aubembeze kutoka kushoto kwenda kulia. Macho yako yote mawili yawe wazi, kichwa kitulie, utazame katikati badala ya kuufuata. Ufunguo unatakiwa uende na kurudi kwenye mstari mmoja. Kisha weka kioo kimoja tu cha miwani ya jua mbele ya jicho la kulia. Kwa watu wengi ufunguo unaanza kuzunguka njia yenye umbo la yai: ukielekea kulia unasogea karibu nawe, ukirudi kushoto unakwenda mbali. Mwenye kuubembeza ataapa kwamba hajabadilisha chochote, na ni kweli.

Sababu ni kwamba jicho lililotiwa giza hupeleka habari zake kwa kuchelewa. Ni sehemu chache za elfu moja za sekunde, lakini kwa kitu kinachotembea, kuchelewa ni sawa na kukionyesha mahali kilipokuwa badala ya mahali kilipo. Macho mawili yanatoa mahali pawili, na ubongo unapatanisha kwa kubuni umbali. Hali hii inaitwa kwa jina la Carl Pulfrich, Mjerumani aliyefanya kazi katika kampuni ya lenzi ya Carl Zeiss mjini Jena, aliyeieleza mwaka 1922. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona hata siku moja, maana jicho lake moja lilikuwa halioni.

Mambo mawili ndiyo tunayotaka utuambie. Kama ufunguo unazunguka hata bila miwani ya jua, basi huenda jicho lako moja linachelewa. Mtoto wa jicho aliyekomaa upande mmoja anaweza kusababisha hivyo, na pia mshipa wa fahamu wa jicho uliowahi kuvimba. Watu wa namna hii huja wakisema magari yanayokatiza mbele yao yanaonekana kama yanapinda. Na kama ufunguo haubadiliki hata ukiweka kioo cha giza, huenda macho yako hayachanganyi picha zake. Yote mawili ni sababu ya kuja tukupime, na hakuna hata moja linalotosha kuitwa ugonjwa.

Tunafanya nini? Inategemea kilichoharibu ushirika. Mara nyingi ni namba za macho tu: jicho moja linahitaji lenzi kali kuliko jingine na mtu hajawahi kupata miwani inayoyasawazisha. Hapo miwani sahihi hubadilisha mengi, ingawa wiki za kwanza sakafu inaweza kuonekana imeinama. Vumilia kidogo. Ikizidi, rudi, tusiache uzoee lenzi mbovu kwa kuona haya. Kwa macho yanayoachana kidogo kuna lenzi za prizimu, zinazopindisha mwanga kabla haujaingia jichoni. Mtoto mwenye jicho vivu huhitaji miwani, na pengine kiraka juu ya jicho lenye nguvu ili lile vivu lifanye kazi. Mapema ni bora. Mtoto wa jicho ni kazi ya daktari wa upasuaji, sisi tunakuandikia barua. Aliyefanyiwa jicho moja na kusubiri la pili awe mwangalifu sana kwenye ngazi, kwa sababu katika kipindi hicho macho yake yanatofautiana kuliko hata kabla ya upasuaji.

Kwa anayechelewa jicho moja kuna tiba inayowashangaza wateja: kioo cha rangi huwekwa kwenye jicho lisilochelewa. Tunalichelewesha ili liende sawa na mwenzake. Si kwa kila mtu, na wala si miwani ya kuendeshea gari usiku.

Kuna pia wanaotuomba lenzi za kuvaa juu ya jicho, jicho moja la kuonea mbali na jingine la kusomea, ili waachane na miwani. Tunazitoa, lakini siku hizi tunauliza kwanza kama unaendesha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba picha yenye ukungu, kama ya jicho la kusomea linapotazama mbali, huchakatwa upesi kidogo kuliko ile iliyo wazi, na tofauti hiyo inatosha kumfanya mwendesha baiskeli anayekatiza njia aonekane mahali asipokuwepo.

Je, mtu mzima anaweza kurudishiwa kina? Hatutoi ahadi. Susan Barry, mwanasayansi wa ubongo wa Marekani aliyekuwa na makengeza tangu uchanga, alianza kuona kina akikaribia miaka 50 baada ya mazoezi marefu ya macho, na kisa chake kimewapa wengi matumaini. Wengine hufanya mazoezi yale yale na hawafiki. Tutakueleza nafasi yako baada ya kukupima, na wala hatuuzi mazoezi kwa simu.

Wakati huo huo, jicho moja si balaa. Kukua kwa kitu machoni ni dalili yenye nguvu. Shida yake ni kwamba kitu kidogo hukadiriwa kuwa kitachelewa kufika kuliko kikubwa, hata vikiwa sawa kwa umbali na kasi. Pikipiki ndiyo inayodanganya zaidi, hasa usiku, kwa kuwa gari lina taa mbili zinazoachana kadiri linavyokuja, na pikipiki ina moja. Ukiwa na mashaka, iache ipite. Sogeza kichwa kidogo kushoto na kulia unapokadiria umbali: vilivyo karibu vitasogea sana, vya mbali kidogo. Unapomimina maji, gusisha mdomo wa chupa kwenye ukingo wa glasi. Nao wanaokurushia kitu, waombe wataje jina lako kwanza.

Usitusubiri sisi kama umeanza ghafla kuona vitu viwili viwili, au kope imedondoka, au jicho linauma ukiligeuza na rangi nyekundu imefifia upande mmoja. Hayo ni ya hospitali, leo hii.

Kwa mengine, unapokuja njoo na miwani yako ya zamani, hata iliyovunjika. Mara nyingi ndiyo inayotuonyesha tofauti ya macho yako ilianza lini.