Kofia ya sumaku haitibu kiharusi

Siku hizi karibu kila familia inayoleta mgonjwa wa kiharusi hapa kwenye kliniki yetu Ngamiani, Tanga, inauliza: ile mashine ya sumaku ya kichwani mnayo? Hatuna. Lakini kabla hujatuma hela ya ile kofia yenye vipande vya sumaku inayotangazwa kwenye magrupu ya simu kuwa inatibu kiharusi, soma kwanza.

Mashine ni ya kweli. Anthony Barker na wenzake waliionyesha Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Koili, yaani waya uliozungushwa, huwekwa juu ya fuvu, umeme mkali hupita ndani yake kwa kitambo kifupi mno, na nguvu ya sumaku hupanda ghafla hadi tesla 1.5 au 2 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), kisha hushuka. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakoamsha umeme mdogo ubongoni. Koili ikikaa juu ya eneo linaloongoza mkono, kidole gumba huruka chenyewe, mwenyewe akitazama. Sisi wa Tanga tumekulia kwenye baiskeli, tunajua dainamo haiwashi taa gurudumu likisimama. Sumaku iliyoshonwa kwenye kofia imetulia tuli. Haiamshi kitu.

Wengine wameambiwa kwamba sumaku "inaotesha neva". Hapo ndipo tuzungumzie sehemu nyeupe ya ubongo. Chini ya tabaka la kijivu lenye seli za neva kuna nyuzi ndefu zinazopeleka taarifa huku na huko, nyingine zikishuka mpaka uti wa mgongo. Weupe wake ni wa mayelini, utando wa mafuta unaozizunguka nyuzi na kuharakisha ujumbe. Kiharusi kikikata njia ya kwenda mkononi, mkono hulegea hata kama seli za juu bado zi hai.

Nguvu ya koili ya kawaida hufika sentimita 2 au 3 tu ndani. Kwa panya wa maabara, sumaku hafifu ya aina hii, ya kupanda na kushuka, imesaidia seli changa zinazotengeneza mayelini zisife. Kwa binadamu, baadhi ya tafiti za wagonjwa wa sonona waliopigwa picha za ubongo kwa mashine ya MRI kabla na baada ya tiba ya koili zimeona mabadiliko kwenye sehemu nyeupe, nyingine hazikuona la maana. Tena picha hizo hupima maji yanavyosambaa kufuata nyuzi, si mayelini yenyewe. Kutoka hapo hadi "kuotesha neva" ni mbali sana.

Marekani iliidhinisha tiba hii ya koili kwa sonona mwaka 2008. Kwa kiharusi matokeo bado yanapishana, na kwa kawaida hufanywa pamoja na mazoezi. Mwenye chuma kichwani au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa hafai kuwekewa koili. Mwenye kifafa aseme mapema, kwani degedege hutokea, ingawa ni nadra.

Mazoezi nayo huigusa sehemu nyeupe. Mwaka 2009 watafiti wa Oxford waliwafundisha watu wazima kurusha na kudaka mipira mitatu kwa wiki 6, na MRI ikaonyesha mabadiliko. Hapa kwetu hatuna mipira ya sarakasi, tuna machungwa ya Muheza. Mkono uliolegea unashika chungwa, mwingine unamenya. Chungwa linaponyoka, linabingirika chini ya kiti, linaokotwa, tunaanza tena. Zoezi hili linachosha, na ndugu wengi hukata tamaa kabla ya mgonjwa mwenyewe.

Anayekuja kupimwa alete picha za ubongo za CT au MRI kama zipo, dawa anazotumia zikiwa kwenye paketi zake, na viatu anavyovaa nyumbani. Aje na mtu anayeishi naye, si yule aliyepata nafasi siku hiyo tu.