Cheo cha Delamere hakikuja na ardhi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe dhana inayorudiwa kila mjadala wa mashamba ya Bonde la Ufa unapozuka, kwamba ardhi ya akina Delamere, ukoo wa malodi wa Kiingereza wenye mashamba Kenya, ilifungamana na cheo chao, kana kwamba mfalme wa Uingereza alivitoa vyote viwili kwa mkono mmoja.

Ubaroni wa Delamere, yaani cheo cha ulodi kinachorithiwa, ulikuwepo kabla Kenya haijatawaliwa. Ulitolewa mwaka 1821 kwa Thomas Cholmondeley wa Vale Royal, aliyewahi kuwa mbunge wa Cheshire, jimbo la Uingereza, na jina ni la msitu wa huko huko. Hata hivyo, jina hilo, likiandikwa Delamer, lilikwisha kuwa cheo tangu 1661, alipotunukiwa George Booth wa ukoo mwingine, kiongozi wa maasi ya 1659 yaliyotaka ufalme urejeshwe. Mjukuu wake alipofariki mwaka 1758 bila kuacha mtoto wa kiume, jumba la Dunham Massey na mashamba yake yalirithiwa na binti yake, Mary, ilhali ubaroni, uliorithiwa na wanaume tu, ulimwendea binamu, na huyo naye alipofariki mwaka 1770 ukakoma. Mali ikashika njia yake na cheo njia yake, na hakuna aliyeona ajabu.

Hugh Cholmondeley, baroni wa tatu, ndiye wengi wetu tunayemkusudia tunaposema "Lord Delamere". Alirithi cheo mwaka 1887 akiwa na umri wa miaka 17. Ekari 100,000 za Njoro alizipata mwaka 1903 kwa mkataba wa kukodi wa miaka 99 kutoka kwa serikali ya kikoloni, chini ya sheria ileile iliyowapa ardhi walowezi wasio na cheo chochote. Shamba la Soysambu alilipata baadaye. Sisemi kwamba ulodi haukumfungulia milango ya magavana, maana ulimfungulia mingi, lakini mlango si hati. Tena gharama za ukulima wake zilimlazimu kuweka rehani mali ya ukoo kule Cheshire.

Sheria ya mwaka 1999 ilipowaondoa malodi wa kurithi katika Bunge la Uingereza, isipokuwa 92, baroni wa tano, aliyerithi mwaka 1979, alipoteza kiti chake, na mipaka ya shamba lake huku Kenya haikusogea hata hatua moja.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wako, wanapogusia suala hili, wataje ni baroni yupi wanayemzungumzia, kisha watuchambulie sheria za ardhi za 1902 na 1915, hii ya pili ikiwa ndiyo iliyorefusha ukodishaji kutoka miaka 99 hadi 999, kwani wananchi wanaodai haki yao hawawezi kuipata kwa kusoma nasaba za Cheshire.

Msomaji wako,
Nakuru